Mwenye Kushika Nyimbo mu Radiyo

Maestro anaogopaka mbwa. Mbwa mukubwa, mbwa mudogo, hata ile kizee ya jirani yenye ilibakia na meno tatu. Anaogopaka radi. Anaogopaka boti: alizeekea mu Bukavu, kila asubui anafungua mulango anaona ziwa, na hakuingiaka mu maji hata siku moya. Kama alikuwa na safari ya Goma, alikuwa anapanda gari, anapita njia ya Kavumu, anakula vumbi siku nzima, anafika mwekundu sawa tofali. Anaogopaka ngazi, sindano, polisi, na mutu yeyote mwenye iko na kachet, ile muhuri ya serikali. Mu njia anatembeaka karibu na ukuta, bega inagusa, sawa mutu mwenye anatafuta mulango yenye alipoteza.

Miye niko fundi wa biatu hapa Bagira. Nilikulia nyumba ya pembeni yake, hizi nyumba za zamani zenye zinagawana ukuta moya, mwenzako akikohoa unamuambia pole. Masomo nilifika deuxième secondaire, mwaka wa pili tu wa sekondari. Batu banasemaka niliacha masomo. Hapana. Masomo njo iliniacha, na haikuangalia nyuma.

Chini ya kitanda Maestro alikuwa na masanduku mbili ya chuma, zinajaa karatasi. Mu ile masanduku njo mulikuwa maisha yake yote, na tangu muji ilibadilisha mikono njo mulikuwa pia kitu yenye ingeweza kumuua. Nitafika pale. Kwanza niseme nani alijaza ile masanduku, ju haiko yeye peke yake. Na miye nilitia kidole.

Mu kwabo, wakati yeye iko mutoto, baba yake alikuwa na radiyo moya na batri za kuhesabu. Mchana zilikuwa zinaanikwa ku jua, juu ya bati, mangaribi zinaingia mu radiyo, zinatoa nyimbo mbili, tatu, zinachoka. Kinasa sauti hapakuwa. Baba alikuwa anapenda muziki kupita kiasi, hakutaka nyimbo ipite na kupotea. Basi alikatia batoto kazi. Nyimbo ikianza, weye shika sauti ya juu, weye ya chini, weye gitare, weye maneno. Nyimbo ikiisha, kila mutu anatoa kipande yake, banaunganisha, na nyimbo inabakia mu nyumba. Kesho, hata kama batri imekufa, banaiimba.

Maestro alikuya kujifunza solfa, kuandika sauti na herufi, ku bapadri, akaweza kuandika ile bipande. Na wakati alioa, akazaa, akaanzisha mambo ya baba yake mu nyumba yake mwenyewe. Maman, bibi yake, alikuwa anashika sauti ya juu. Kijana wake mukubwa, sauti ya chini. Binti yake, maneno. Yeye anashika za katikati na kuandika.

Miye nilikuwa nakuyaka kwabo sababu kwetu hapakuwa radiyo, na ju Maman alikuwa anapika maharagi na mafuta ya mawese. Siku ya kwanza nyimbo ilianza, nikaona bote banaruka sawa nyumba imeshika moto.

"Kimya! Imeanza! Maman, juu! Kijana, chini! Binti, kalamu iko wapi?"

"Na miye, Maestro?"

Aliniangalia kutoka kichwa mupaka miguu. Hakuona kitu.

"Weye shika ngoma."

Ngoma njo kazi yenye banapatiaka mutu mwenye hana kazi. Lakini nilishika. Tum, pa-tum, tum, pa-tum, mupaka mwisho, jasho inatoka. Na akaandika! Pale chini ya karatasi, chini ya sauti zote, aliweka nukta zangu. Siku ile nilirudi kwetu natembea katikati ya njia.

"Radiyo hairudiliake," njo neno yake. Anaisema kwa kila kitu. Muchuzi ikiungua: radiyo hairudiliake. Mwanafunzi akichelewa: radiyo hairudiliake. Siku moya nilipiga chafya mu sauti ya gitare, alinitoa inje juma nzima. Siku ingine Maman alicheka katikati, ju paka iliingia mu ndoo, akapoteza mesure mbili za juu, zile hatua za kuhesabu muziki. Maestro hakukula.

"Baba Kijana, kula."

"Sili."

"Mesure mbili, baba. Batu banafiwa, banakula."

"Bale balifiwa banajua mwenye alikufa alikuwa nani. Miye hizi mesure sitazijua."

Na hakuwa anaandika kitu yenye haikusikiwa. Pale njo kichwa yake ilikuwa ngumu. Ku parokia tuko na nyimbo moya ya matoleo, nzuri, balikamata hewa yake kutoka mu radiyo, bakatia maneno ya Mungu. Mu mustari wa tatu batu bote bananyamaza. Mesure ine. Korale inasimama kinywa wazi, bakristu banasimama, mapadri banasimama, kisha tunaendelea. Bageni banafikiri ni heshima kubwa ya kiroho. Padri mupya moya alimuuliza Maestro ile kimya inamaanisha nini.

"Pale batri ilikufa, padri. Tuliipiga piga, ikarudi mesure ine zimepita."

"Basi ujaze tu pale. Weye unajua muziki."

"Nijaze na nini? Sikusikia."

Mupaka leo tunanyamazaka pale. Batoto benye balizaliwa nyuma ya ile batri bananyamaza muzuri kupita siye.

Mutu mwenye anaogopa kachet, mu korale alikuwa anaogopesha bote. Alikuwa anasimamisha mazoezi yote ju ya sauti moya ya nyuma. "Musiniambie ilikuwa nzuri. Muniambie ilikuwa mi." Docteur moya wa université aliimbaka bass na siye, siku moya Maestro alimufukuza mbele ya batu, na docteur akaenda, akakaa ku ngazi za kanisa sawa mutoto wa primaire, anangojea bamurudishe. Kisha Maestro anatoka, anaona mbwa ku barrière, mulango ya uwanja, anaomba docteur amusindikize.

Tena alikuwa mukristu wa kweli, hakunywaka pombe. Lakini nyimbo zingine hazikuwa zinapita mu radiyo, zilikuwa zinapita mu bare. Maman aliona bwana anatoka kila jumamosi na mvua, anarudi amelowana, macho inang'aa. Alimufuata. Alinisimulia mwenyewe, anafunga kinywa na kitenge ju ya kucheka.

"Nilienda na mwiko, mwanangu. Mwiko mu kikoba. Nafika ku bare, sioni mutu. Nazunguka nyuma. Namuona amesimama ku ukuta, mu matope, karatasi chini ya kofia, anaandika gitare."

"Ukamuambia nini?"

"Aliniambia yeye. Alisema: kuya upesi, shika ile ya juu."

Na akashika. Balisimama pale babili, mu mvua, mupaka mwisho.

Sasa niseme uongo wangu, ju ni yenyewe ingetuuwa.

Wakati sauti yangu ilivunjika, Maestro alinitia mu korale, tenor. Aliandika solfa ku ubao, akauliza: munasoma? Bote: ndiyo, Maestro. Na miye: ndiyo, Maestro. Sikuwa nasoma kitu. Kwangu ile d, r, m, na nukta, na mistari, ilikuwa sawa sisimizi zenye balikanyaga. Nilikuwa nasimama nyuma ya tenor moya, muoka mikate, mwenye alikuwa anasoma muzuri. Yeye anaimba, na miye nashika kwa sikio, nyuma yake kidogo sana, kipande ya sekunde. Nilishajifunza ile kwa Maestro mwenyewe, kushika. Karatasi nilikuwa naishika mbele ya uso, nageuza ukurasa wakati bengine banageuza. Miaka vingt, makumi mbili nzima. Muoka mikate alikuwa akipata mafua, na miye napata mafua.

Maestro alikuwa anajivuna na miye. "Huyu," alikuwa anaambia bageni, "masomo alikosa, lakini solfa anasoma sawa gazeti." Nilikuwa nacheka. Ningefanya nini?

Mu ile miaka nyumba yake ilipunguka. Kijana alienda kutafuta maisha mbali. Binti, mwenye kushika maneno, aliolewa Luvungi, kule chini mu uwanda, bwana yake analima. Siku ya ndoa Maestro alilia, batu bakasema anapenda mutoto. Anapenda. Lakini angalia mu sanduku: kutoka ile juma, karatasi hazina tena maneno. Zote, za sanduku ya pili yote, ni solfa tupu. Hakuwa na mutu wa kuandika maneno, na yeye mikono ilikuwa inajaa na sauti. Akabakia na Maman, na radiyo, na miye ku ngoma siku za jumapili. Hata titre, jina ya nyimbo, hakuwa anaandika, ju mara mingi mutangazaji anasemaka titre wakati bado unatafuta kalamu.

Kisha muji ilibadilisha mikono. Sitasema mingi, mwenye alikuwako anajua, mwenye hakuwako, ashukuru. Tuliamuka, benye bunduki ya jana habako, kuko benye bunduki bengine. Mu avenue zetu batu balianza kusema chini chini. Bale benye bunduki banaangalia simu, banafungua picha zako, banakuuliza huyu ni nani, na huyu. Jirani akikusalimia "asinge", ile salamu ya kwetu, kwa nguvu, unashituka. Maestro alikuwa anasikiliza radiyo ndani ya sufuria, kitambaa juu, sikio ku kifuniko. Maman alikuwa anamuambia: "Baba Kijana, ile sufuria niko naihitaji." Bado balikuwa bananichekesha. Lakini nilikuwa naona mikono ya Maman inatafuta kitu ya kushika saa yote.

Halafu fouille, kupekua nyumba, ilianza. Avenue moya kwa siku, asubui. Banaingia, banapindua, bakipata kitu ya bale ba zamani, banaenda na mwenye nyumba. Mwanaume mumoja wa avenue ya juu balienda naye ju ya kofia. Mupaka leo bibi yake iko anapeleka chakula kwenye banamuambia haiko.

Basi Bagira yote ikaanza kuchoma. Asubui moshi inatoka nyuma ya kila nyumba, na haikuwa ya ugali. Batu banachoma kadi, makaratasi ya kazi, kofia, picha za harusi kama mu harusi mulikuwa mutu mwenye uniforme. Miye sikuwa na kitu ya hatari, nikaona haya, nikachoma bulletin, karatasi yangu ya maksi ya deuxième secondaire. Iliungua muzuri. Njo mara ya kwanza ilifanya kitu muzuri.

Mangaribi nikaenda kwa Maestro.

"Kesho ni siye," nikamuambia. "Ile karatasi, Maestro. Zile zenye hazina maneno. Mutu mwenye hajui atafikiri nini?"

"Atafikiri ni muziki."

"Atafikiri ni mambo ya siri ya bale bengine. Nukta, mistari, ma herufi. Na miye nikiangalia..."

"Weye ukiangalia, nini?"

"Naogopa, Maestro."

"Na miye naogopa," akasema. "Maman, leta mbabula ya makaa."

Asubui alifungua sanduku ya pili, akakaa mbele ya makaa. Akachukua karatasi ya kwanza. Badala ya kuitia mu moto, akaisoma. Kisha akaiimba, yote, chini chini, mupaka mwisho. Kisha akaichoma. Akachukua ya pili. Akaiimba.

"Baba Kijana," Maman akasema, anashika mulango, "ziko mia ngapi mule?"

"Siwezi kuchoma kitu sikuaga."

Alikuwa amechoma tatu wakati balibisha.

Balikuwa bane. Mukubwa wao alikuwa mwanaume wa miaka makumi tatu na kitu, koti ndefu ya mvua, sauti ya pole. Sauti ya pole njo mubaya. Bale balikuwa banamuita Chef. Aliangalia mbabula, aliangalia majivu, aliangalia sanduku. Akapiga magoti, akachukua karatasi.

"Muzee, unachoma nini?"

"Muziki, Chef."

"Muziki iko na maneno. Maneno iko wapi?"

"Mwenye kushika maneno aliolewa Luvungi."

Nilifunga macho. Ile siku, kwa bale batu, njia ya Luvungi ilikuwa njia ya adui yao. Mu majibu yote ya dunia Maestro alichagua hiyo, na ilikuwa ya kweli.

"Luvungi," Chef akarudilia, pole. "Anakuleteaka maneno kutoka Luvungi?"

"Hapana, Chef. Njo maana hazina."

Chef akainua karatasi ku mwanga. Akaweka kidole ku mistari, moya moya. "Hii ni message. Miye nilisoma, muzee. Nani mwingine anajua kusoma hii kitu?"

Na Maestro, mutu wa kuogopa mbwa ya meno tatu, akainua mukono, akanionyesha. Alijivuna. Hata pale.

"Huyu. Tenor wangu. Anasoma sawa gazeti."

Chef akafikiri. Akachagua karatasi moya. Akamuambia mwenzake abakie na Maestro ndani, na miye akanishika ku shati akanipeleka inje, mupaka ku tanki ya maji.

"Sikia, fundi. Weye utaimba hii apa. Kisha muzee ataimba ndani. Ikifanana, ni muziki, tunaenda. Ikikosa kufanana, tunaenda na yeye. Imba."

Nikashika karatasi. Sisimizi. Nikatafuta chini kabisa, kama kuko nukta zangu za ngoma, nitajua siku gani, nitajua nyimbo gani. Hapakuwa. Ile siku sikuwako. Pengine nilikuwa nashona sandale ya mutu.

Nilifikiri kuimba kitu yoyote. Miye niko muongo wa kazi, miaka vingt. Lakini kama naimba yoyote, na ndani Maestro anaimba ya kweli, njo nimemuua na kinywa yangu. Kama nanyamaza, ni ile ile. Tanki ilikuwa inadondosha maji, na nilikuwa naisikia kila tone.

"Chef," nikasema, "miye sijui kusoma."

"Muzee amesema unasoma sawa gazeti."

"Na gazeti sisomake muzuri, Chef. Nilimudanganya. Mu korale nafuataka muoka mikate."

Hakucheka. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilikuwa nataka mutu anicheke. Akanisukuma, turudi ndani. Maestro alikuwa amesimama ku ukuta. Maman amekaa chini.

"Muzee, tenor wako amesema hajui kusoma hii. Amesema miaka yote alikuwa anadanganya. Basi ni nani anasomaka hizi message?"

Nikangojea Maestro aanguke. Uso yake ilikuwa majivu. Halafu niliona rangi inarudi, kutoka shingo, inapanda. Hakumuangalia Chef. Aliniangalia miye.

"Miaka vingt," akasema.

"Maestro, nisamehe."

"Pasaka? Ile Pasaka na askofu?"

"Muoka mikate, Maestro."

"Na ile ya matoleo?"

"Muoka mikate."

"Mwizi!" Alipiga ukuta na mukono. "Mwizi wa sikio! Mu korale yangu! Mbele ya uso yangu unageuza karatasi! Simama sawa! Mabega! Leta ile karatasi!"

"Muzee, nyamaza," Chef akasema.

"Na weye ngojea, niko kazini!"

Maman akafunga kinywa na mikono mbili. Moya wa bale bane aliinua bunduki. Chef akamuonyesha na kidole: acha. Na Maestro hakuona kitu ya ile, nitaapa ku kaburi. Alikuwa ananivuta sikio, ile sikio yenye ilimuibia.

"Hii d ni nini?"

"Do."

"Imba do. Chini! Hii s?"

"Sol."

"Sol iko wapi kutoka do? Panda. Panda na mukono yangu. Do, re, mi, fa, sol. Ile nukta mbili inakuambia nini? Inakuambia ngojea. Ngojea, mwizi! Sasa hii mustari. Pole pole. Moya, mbili."

Nikaimba. Sauti inatetemeka sawa mbuzi, lakini nikaimba: mesure ya kwanza, ya pili. Ya tatu nilikosa, akanipiga ku kichwa na kaye ya nyimbo, nikarudilia. Mu mesure ya ine kitu ilifunguka. Niliona sisimizi banatembea. Zinapanda kwenye sauti inapanda, zinashuka kwenye inashuka. Ilikuwa rahisi vile, na miye nilitumia miaka vingt kuikimbia.

Chef akainama mu sanduku, akatafuta chini kabisa, akatoa karatasi ingine. Akaiweka mbele ya siye babili.

"Hii. Pamoya."

Tukaimba pamoya. Maestro alikuwa anaenda pole, sawa unatembea na mutoto, na nilifika kila mahali pamoya naye, isipokuwa moya, na pale aliniunguruma bila kuacha. Mutu anaweza kudanganya message. Hakuna mutu anaweza kudanganya ile hasira.

Balienda. Lakini balienda na sanduku ya pili, "ya kuangalia", na radiyo pia. Maestro akakaa chini pale pale. Maman akamufunika na kitenge yake. Suruali moya mu ile nyumba ilikuwa imelowana, na haikuwa ya Maestro.

Tangu siku ile nimerudi première année, darasa ya kwanza. Kila siku, kazi ikiisha, nafika kwake, nasoma. Ananiita Mwizi, hata mbele ya bapadri. Karatasi ya sanduku ya kwanza iko na maneno ya binti yake, maandishi ya mutoto, anaziangalia, anazirudisha. Sanduku ya pili hatujaiona tena. Hatuulizi. Kila gari ikisimama mu avenue, Maestro anaacha kupiga mesure, anangojea, na miye nangojea, mupaka ikienda.

Juma iliyopita nilifika, nikakuta mulangoni mabuti mbili, makubwa, na matope. Maman alikuwa ku jikoni. Akanifanyia mukono: enda, enda, kimbia. Nilitaka. Biguu bilikuwa tayari. Lakini sauti ya Maestro ilitoka ndani.

"Mwizi, umechelewa. Ingia."

Chef alikuwa amekaa ku kiti yangu, bila koti, soksi moya iko na tundu. Bunduki iliegemea ku mufuko ya makaa. Ku meza, mbele yake, karatasi moya ya sanduku ya pili, imekunjwa mara mingi, sawa mutu aliitembeza mu mufuko.

"Nilikuwa mu korale," akaniambia, sawa nilimuuliza. "Kabla ya haya yote. Nilikuwa alto. Hii nataka kujua inaliaje."

Maman alinifuata mupaka ku mulango. Nilisikia anapumua. Nilijua yenye anafikiri, ju na miye nilikuwa naifikiri: Maestro akimukatalia huyu mutu, huyu atamuua. Akimufundisha, siku bale bengine bakirudi, jirani moya atasema muzee alikuwa anafundisha adui kuimba, na bale njo batamuua. Maestro anajua hii kupita siye. Yeye njo anajua kuogopa.

"Keti," akaniambia. "Tunakosa tenor."

Nikakaa ku ndoo. Tukaanza. Chef alikuwa na sauti ya kweli, ilijificha tu kwa muda murefu. Mesure ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Mu ya tatu aliimba mi. Ilikuwa fa. Hata miye niliona ni fa.

Nyumba yote ilisimama. Niliangalia Maestro. Nikamuomba na macho: acha, Maestro, acha ipite, ni mi moya tu, dunia iko na mi mingi.

Maestro akapiga meza.

"Fa," akasema. "Umesema mi."

Chef akainua kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, na bunduki ilikuwa karibu na mikono yake kupita mulango ilikuwa karibu na siye.

"Wapi?" akauliza.

"Apa. Rudilia kutoka mwanzo."

Chef akasafisha koo. Chini ya meza goti ya Maestro ilikuwa inagonga ubao, tak, tak, tak, mbio, inje ya mesure kabisa. Akaweka mukono ya kushoto juu yake, akaikandamiza. Ya kuume akaiinua mbele ya siye, imenyooka, haitikisike.

"Moya," akasema. "Mbili."